TAYA INAUMA, JINO LINANG'OLEWA: Likasi inataka matunzo ya taya katika hospitali za serikali

Bandugu na badada wa Likasi, Kikula, Panda na Shituru, na vijana wote wenye kutufuata toka Lubumbashi mupaka Kolwezi,

Tumesema juu ya maji. Tumesema juu ya umeme. Tumesema juu ya barabara na vumbi yake. Leo tunasema juu ya kitu chenye hakuna mubunge anakitaja wakati wa kampeni: taya. Ndiyo, taya. Ule mufupa wenye kubeba meno ya chini, wenye kukusaidia kula bukari, kuongea, kupiga miayo, kuimba kanisani na kupiga kelele mbele ya ofisi ya meya. Kama unacheka, cheka. Mutu mwenye taya imekwama hawezi.

Musimamo wetu tunauweka mbele, kusudi hakuna atakayesema hakuelewa. Sehemu kubwa ya magonjwa ya taya inaweza kutunzwa hapa hapa Likasi, katika hospitali ya serikali, kwa bei yenye mama muuzaji wa sombe anaweza kulipa. Kazi hiyo haiombi mashine kubwa ya Bulaya. Inaomba mutu mwenye kufundishwa, radio ya meno yenye kufanya kazi, dawa za kawaida na uamuzi wa wakubwa. Na kati ya hivyo vyote, chenye kinakosekana zaidi ni uamuzi.

Vile inapitika leo

Kila mumoja wetu anajua mutu mwenye alipita katika njia hii. Hatutaji hospitali, kwa sababu shida haiko ya nyumba moja, ni ya mupango muzima.

Mutu anaamuka asubuhi na maumivu mbele ya sikio. Akifungua kinywa, kiungo kinalia "ko". Anaenda ku santre ya kartie: paracetamol na antibiotiki. Wiki mbili, maumivu yanarudia. Anaenda kwa mwenye kutunza meno. Radio haiko, ao iko lakini imekufa. Anamuangalia kinywa na lampi ya telefone, kiisha anang'oa jino la nyuma. Maumivu yanabaki pale pale. Mwezi unaofuata, jino la pili. Mara ya tatu njo wanamwambia: "Wende Lubumbashi."

Kwa hiyo mutu amelipa fishi, amelipa konsultasyo, amelipa kung'oa mara mbili, na hana meno mawili yenye pengine yalikuwa mazima. Ugonjwa wake hata jina bado haujapewa.

Sisi tunaita hiyo wizi. Hatusemi munganga ni mwizi. Yeye mara nyingi hana kifaa, hana kitabu, na wakati mwingine hata mushahara hana. Wizi ni wa wenye kumuacha na koleo peke yake, kiisha wanaita hiyo "huduma ya meno".

Taya ni nini, na inagonjwa namna gani

Tuelezane, kwa sababu mutu mwenye hajui hawezi kudai.

Taya ya chini imeshikiliwa na viungo viwili, kimoja mbele ya kila sikio. Weka kidole pale, fungua kinywa, utasikia kinatembea. Ndani kuna kipande laini chenye kutenganisha mifupa, na pembeni kuna misuli yenye nguvu sana. Kipande kile kikihama, misuli ikichoka juu ya kusaga meno usiku, ao kiungo kikipigwa, unapata maumivu ya taya, ya kichwa, hata ya sikio. Ugonjwa huu unakamata wanawake kuliko wanaume, na hasa watu wa miaka 20 mupaka 40. Maana yake ni sisi, wenye kusoma tangazo hili. Wengi wanapona bila kupasuliwa: chakula laini, kitambaa cha moto, dawa ya maumivu, mazoezi ya kinywa, na kwa wengine kifaa kidogo cha plastiki cha kuvaa usiku juu ya meno. Kung'oa jino zima si dawa yake.

Kiisha kuna taya yenye imetoka fasi yake. Mutu anapiga miayo, ao anacheka sana, ao wanamung'oa jino la nyuma, na kinywa kinabaki wazi. Mate yanatoka, kusema hawezi. Watu wanasema amelogwa. Hakulogwa! Mwenye kufundishwa anaweka vidole gumba juu ya meno ya nyuma ya chini, anasukuma chini, kiisha nyuma, na taya inarudi. Njia hiyo waganga wa Ugiriki wa zamani, wa shule ya Hippocrates, waliiandika zaidi ya miaka 2 000 iliyopita. Haiombi umeme wala skaneri. Lakini ukichelewa, misuli inakaza. Ukichelewa wiki nyingi, unaweza kuhitaji upasuaji. Kitu chenye kingelimalizika siku ile ile kinageuka operasyo, juu tu ya kukosa mutu moja mwenye kujua.

Kuna taya yenye kuvunjika. Angalieni motari katika barabara zetu, na hesabuni wenye kuvaa kofia ya chuma. Mivunjo mingi ya taya ya chini inaweza kutunzwa kwa kufunga meno ya juu na ya chini na waya, karibu wiki 4 mupaka 6, mutu anakunywa uji na supu. Waya! Katika muji wenye kutoa shaba!

Kuna usaha wa jino lenye kuoza. Unafunga kinywa, unateremuka chini ya ulimi na katika shingo, na unaweza kuziba pumzi. Huo unaua, na unaua vijana wenye afya nzima.

Kuna uvimbe wenye kukomaa polepole ndani ya mufupa, bila maumivu, mwaka kwa mwaka, mupaka uso unageuka. Radio moja ingeuonyesha mapema. Bila radio, mutu anafika kwa munganga wakati nusu ya taya imeliwa.

Na kuna noma, ugonjwa wa watoto wadogo wenye njaa, mara nyingi kiisha surua. Unaanza ku ufizi na unakula shavu na mufupa. Antibiotiki ya mapema inaokoa. Mutoto mwenye kupona kwa kuchelewa anabaki na taya yenye kufungwa, hawezi kufungua kinywa. Shirika la Afya Duniani, OMS, liliweka noma katika orodha ya magonjwa yenye kusahauliwa mu Desemba 2023.

Visababu vyao, na majibu yetu

Tunavijua visababu vyao. Tunavijibu kimoja kimoja.

*"Kuna malaria, kuna kolera, kuna surua. Taya si ya haraka."*

Malaria iko, hatukatai. Lakini nani alisema mutu anachagua ugonjwa moja? Taya yenye kukwama ni njaa. Ni mutoto mwenye hawezi kula, ni mwalimu mwenye hawezi kufundisha, ni mama mwenye hawezi kuita wanunuzi ku soko. Na usaha wa shingo hauongoji malaria imalizike. Mu 2022, OMS ilihesabu watu karibu miliari 3.5 wenye magonjwa ya kinywa duniani. Inchi zimekubaliana kama mu 2030 watu 80 kwa 100 wawe na haki ya huduma za lazima za kinywa. Afrika yetu ilikuwa na mupango wake wa afya ya kinywa, wa 2016 mupaka 2025. Karatasi ziko. Kinywa cha mukaaji wa Kikula hakijaziona.

*"Hakuna minganga."*

Hapa tunakasirika kabisa, kwa sababu hapa wanatudanganya mbele ya macho yetu. Ni kweli minganga wa meno ni wachache sana katika Afrika. OMS inahesabu hata moja hafiki kwa watu 10 000. Ni karibu tatu kwa watu 100 000. Lakini muulize kijana mwenye kumaliza udaktari, atakuambia anafanya kazi miaka na miaka bila namba ya matrikule, bila mushahara wa serikali, anakula prime ya kugawana na wengine kumi. Mwingine ameacha, anauza kredi ya telefone.

Sisi wenye kuandika tangazo hili tunajua hiyo maisha. Tuko na lisansi, tuko na stashi, tuko na barua za kuomba kazi zenye hazikujibiwa. Asubuhi tunaamuka hatuna fasi ya kwenda. Kwa hiyo usituambie "hakuna watu". Watu wako. Upande moja wagonjwa hawana munganga, upande ingine minganga hawana kazi, na katikati kuna leta imelala. Kurudisha taya fasi yake, kujua usaha wa hatari, kufunga taya yenye kuvunjika mbele ya kutuma mugonjwa: munganga wa kawaida na muuguzi wanaweza kufundishwa. Si masomo ya miaka kumi.

*"Waende Lubumbashi."*

Lubumbashi iko karibu kilometre 120. Kwa mwenye gari na makuta, ni safari ya asubuhi. Kwa mwingine ni nauli ya mugonjwa na ya mwenye kumusindikiza, chakula, fasi ya kulala, fishi ingine, radio ingine, na siku za kazi zenye kupotea. Mwenye kuishi na kazi ya siku kwa siku anahesabu, anaona haiwezekani, anabaki nyumbani na kitambaa kimefungwa ku shavu. Anaongoja. Kuongoja njo kunageuza ugonjwa mudogo kuwa mukubwa.

Na tuelewane: kesi ngumu, uvimbe mukubwa, upasuaji wa kiungo, hizo ziende Lubumbashi, ni haki. Hatudai kila kitu kifanywe hapa. Tunadai Likasi itunze yenye inaweza, na itume mapema yenye haiwezi, na barua mukononi yenye kueleza mugonjwa ana nini. Leo tunatuma mugonjwa sawa kifurushi chenye hakuna adresi.

*"Makuta haiko."*

Haya. Tuongee makuta.

Inchi yetu ni ya pili duniani kwa kutoa shaba, na ya kwanza kwa kobalti: karibu 70 kwa 100 ya kobalti ya dunia inatoka hapa. Malori yanapita N1 usiku na muchana, yanavuka muji wetu. Kodi ya Mines yenye kubadilishwa mu Machi 2018 inasema wazi: redevance ya madini inagawanywa, 50 kwa 100 kwa serikali kuu, 25 kwa provinsi, 15 kwa muji ao sekta yenye madini inatolewa, 10 kwa mufuko wa vizazi vya kesho. Tena kila kampani yenye kuchimba iweke 0.3 kwa 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Hatusemi fulani amekula. Tunasema: onyesheni. Mukishaonyesha, tutajua kama kiti cha meno na radio yake ni kitu chenye kushinda muji wa shaba.

Wazee wetu wanakumbuka wakati kampani, Union Minière na kiisha Gécamines, ilikuwa na hospitali kwa wafanyakazi wake na familia zao. Hatulilie ukoloni. Matunzo ile ilikuwa ya kampani, kwa ajili ya kazi ya kampani, na mwenye hakuwa na namba ya kazi alibaki inje. Lakini kiisha kampani kuanguka, mu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wakatolewa kwa jina la "kuondoka kwa hiari". Namba ya kazi ikaenda, na haki ya matunzo ikaenda naye. Serikali ilipashwa kuchukua fasi ile, kwa sababu mwananchi haachi kuwa mwananchi siku anapoteza kazi. Mupaka leo tunaiongoja.

Tuongeze hili. Muji wetu unafanya kazi na asidi ya sulfuriki, kwa sababu njo inatoa shaba katika udongo. Mvuke wa asidi unakula meno ya mwenye kuuvuta siku kwa siku. Inajulikana tangu zamani katika viwanda duniani. Nani anapima meno na taya za wafanyakazi hawa, wa kontra na wa siku moja moja? Muji wenye kiwanda sawa hiki ungekuwa wa kwanza kwa matunzo ya kinywa, hata si wa mwisho.

Sheria iko upande wetu

Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 47: haki ya afya imehakikishwa. Kifungu hakisemi "afya, kutosha taya". Mu 2001, pale Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutia 15 kwa 100 ya bajeti katika afya. Na kifungu cha 27 cha Katiba kinatupa silaha ya karatasi: kila Mukongomani, peke yake ao pamoja na wengine, anaweza kupeleka petisyo kwa mukubwa wa serikali, na yule mukubwa analazimishwa kujibu katika miezi 3.

Kwa hiyo tunadai

Kwa meya wa muji, kwa gavana na minisita wa afya wa provinsi, na kwa wenye kuongoza zoni za afya:

1. Matunzo ya taya iingie katika orodha ya huduma za hospitali jenerali ya rufaa hapa Likasi, na bei iandikwe ku ukuta, kwa franka, fasi kila mutu anaona.

2. Radio ya meno yenye kufanya kazi, na njia ya kuitengeneza ikikufa. Sindano ya ganzi, waya ya kufunga taya na vifaa vyake, antibiotiki, vyote viwe ndani, si "wende ununue ku farmasi ya inje, urudi".

3. Katika kila zoni ya afya, angalau munganga moja na waguuzi wawili wafundishwe kurudisha taya, kufunga muvunjo, na kujua alama za hatari.

4. Minganga vijana wa meno waandikwe, wapate matrikule na mushahara. Si stashi ya milele.

5. Munganga wa upasuaji wa taya atoke Lubumbashi kila mwezi, siku yenye kujulikana. Ni rahisi munganga moja asafiri kuliko wagonjwa ishirini.

6. Hakuna jino kung'olewa bila sababu yake kuandikwa katika fishi ya mugonjwa na kuelezwa kwake katika luga yenye anasikia.

7. Muji utangaze kila mwaka sehemu yake ya redevance ya madini na vile imetumiwa, na ionyeshe ngapi imeenda ku afya.

Hakuna hata moja katika hizi saba yenye ni ndoto.

Wewe mwenye kusoma, fanya hivi

Petisyo yetu inapita katika komini zote inne. Weka jina lako, na ulete ya mama, ya yaya, ya jirani. Kama taya imekutesa, tuambie: ulipita wapi, ulilipa ngapi, waling'oa meno ngapi. Jina lako hatutalitangaza. Tunataka hesabu yetu, kwa sababu mukubwa anapenda kusema "hakuna kesi".

Na mbele ya serikali kuamuka, jilinde. Taya ikiuma na hakuna jino lenye kuoza, usikimbilie kung'oa, uliza "juu ya nini?", na uliza mara mbili. Kula vyenye laini, weka kitambaa cha moto, usitafune shingamu, usifungue kinywa sana. Lakini taya ikikazana na homa na uvimbe wa shingo, ao kinywa kikibaki wazi, ao taya ikifunga siku kidogo kiisha kidonda, usiongoje asubuhi: kimbia hospitali. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa tetanosi.

Tunajua watasema: "Hawa vijana wamekosa kazi, sasa wanaongea taya." Ndiyo, kazi tumekosa. Macho hatukukosa. Tunaona watu wenye kufunga kitambaa ku shavu ku soko, tunaona watoto wenye kula na kijiko cha chai, na tunaona malori.

Miezi 3, tunaihesabu toka siku petisyo inapokelewa na muhuri kugongwa. Bila jibu, kifungu cha 26 cha Katiba kinatupa haki ya kutembea barabarani bila silaha na bila fujo. Tutamujulisha mukubwa kwa barua, sawa sheria inasema, na tutatembea na kitambaa ku shavu.

Wenye taya nzima, tuongee kwa ajili ya wenye taya imekwama.

Likasi, Haut-Katanga
Sisi, vijana wa muji